Nywele Zilizotoka Sauzi

Jeki iliteleza mahali fulani baada ya Manyoni, jua likiwa la utosi, ikampiga Nurdin kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Alisema si kitu. Walipofika Singida jioni alisema tena si kitu. Lakini asubuhi ya siku ya mwisho ya safari yao, alinyanyua kikombe cha chai kwa mkono ule, kikamponyoka. Alimtazama mkewe tu.

"Mkono wa gia," Samira alisema.

"Mkono wa gia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo leo dereva ni wewe. Au tumpe Hadiya."

Hadiya alikuwa amekaa katikati ya kitanda cha gesti akitafuna kamba ya kiatu cha baba yake. Mwaka alikuwa hajatimiza, lakini nywele zake zilikuwa za mtu mzima: nene, nyeusi, zimesimama kila upande kama mtu aliyeamshwa kwa kelele. Hakuna mkasi uliowahi kuzigusa, wala wembe. Zilizaliwa naye Durban, zikapita naye Zimbabwe na Zambia, zikavuka naye Tunduma, na kwenye kila mpaka ofisa alizitazama kwanza ndipo akatazama pasi.

Samira alicheka. Leseni alikuwa nayo. Aliipata kulekule Durban baada ya kufeli mara mbili, akijifunza kanuni za barabara kwenye darasa la jioni, mtoto akiwa bado tumboni na usukani unamgusa kitovu. Ila tangu waanze safari alikuwa ameshika usukani kwenye vipande vilivyonyooka tu, kule Zambia ambako barabara inakwenda mbele mpaka mtu anasahau kwamba kuna kitu kinaitwa kona. Leo ilikuwa Singida mpaka Dirma, na Dirma haiko kwenye lami. Na leo ilikuwa Alhamisi.

Alhamisi ndiyo iliyokuwa inamtia hofu.

Maana mama yake Nurdin, Bi Shumbana, alikuwa amechoka kuambiwa "tunakuja." Tangu tope la mlima Hanang liliposhuka Katesh na kuondoka na duka lake, akahamia Dirma kwenye kibanda cha duka alichoachiwa na marehemu mumewe Selemani, kila Idi aliambiwa tunakuja. Idi ikapita na nyingine ikapita. Mara kibali cha kusafiria, mara kazi ya Nurdin kule gereji, mara injini ya pikapu waliyoinunua. Mtoto alipozaliwa, Bi Shumbana aliomba kitu kimoja tu. Kwao mtoto hunyolewa nywele za tumboni siku ya saba, na yeye alisema, "Msimguse. Huyu wa kwanza wa Nurdin nitamnyoa mimi kwa mkono wangu." Hawakumgusa. Siku ya saba ikapita, mwezi wa saba ukapita.

Safari ilipoanza kweli, hakuamini. Walimpigia simu kutoka Lusaka, akasikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo Samira aliyabeba kifuani njia nzima.

"Nimeshiba simu. Yakubu amekuja kunichukua, Ijumaa alfajiri tunaondoka kwenda kwake Tabora. Alhamisi, kabla sijatawadha kwa magharibi, nikimnyoa mtoto kwa mkono wangu, nabaki. Nisipomnyoa, naenda. Na nikienda sirudi, mimi si mtu wa kuzungushwazungushwa kama pipa."

Akamrudishia Yakubu simu, na tangu siku hiyo Yakubu, kaka mkubwa wa Nurdin, kila akipigiwa alijibu lilelile: "Hataki kuishika. Anasema njooni na miguu yenu."

Kwa Nurdin huyo alikuwa mama yake, basi. Kwa Samira lilikuwa jambo zaidi. Alikulia Dongobesh bila mama, akilelewa na shangazi mwenye watoto wake wa kutosha, na alipoolewa Katesh ndipo kwa mara ya kwanza mtu mzima alimwekea chakula pembeni, akafunika na sahani, akasema hiki ni cha Samira. Mtu huyo alikuwa Bi Shumbana. Samira hakuwa tayari kufika nyumbani kutoka mbali kote kule na kukuta mlango umefungwa kwa kufuli.

"Haya," alisema. "Nipe ufunguo."

*

Hawakuondoka mapema kama walivyotaka. Ilibidi wapite duka la dawa mkono ufungwe, na muuzaji akataka kujua habari zote za Sauzi kabla ya kukata bandeji. Kisha uji wa Hadiya ukamwagika. Kisha mvua ikanyesha, mvua ya Machi isiyobisha hodi, na Samira akatoka Singida adhuhuri imeshapita, akiwa ameinama mbele kama anayetafuta sindano kwenye kioo.

"Umeshika usukani kama unamkaba mtu," Nurdin alisema.

"Nyamaza nisikie gari."

"Gari linasema gia ya tatu."

"Nimesikia kabla yako."

Na kweli alikuwa amesikia. Mvua ilipokatika, barabara ikawa nyeusi inang'aa, alizeti imesimama pande zote mbili, na Samira akagundua kwamba mabega yake yameshuka yenyewe. Malori yalipita, mabasi yalipita yakipiga honi, naye akabaki kwenye upande wake, mwendo wake uleule. Nurdin, ambaye tangu Durban alikuwa akizungumza bila kupumzika, aliegemea kiti. Hadiya akalala. Na hapo mbele, kwanza kama wingu lisilotaka kusogea, mlima Hanang ukajitokeza.

Samira alipunguza mwendo bila kujua. Kovu la lile tope lilionekana tokea mbali, mstari uliochubuka ubavuni, majani yameanza kulifunika. Nurdin alitazama mpaka shingo ikageuka. Duka la mama yake lilikuwa huko chini ya ule mstari.

"Gereji nitaiweka palepale Katesh," alisema baada ya muda. Nyuma ya gari, chini ya turubai, vifaa vyake vyote vya kazi viligongana kila walipopita kwenye tuta. "Na mama anakaa na sisi. Akitaka Katesh, Katesh. Akitaka Dirma, Dirma."

"Kwanza tumkute," Samira alisema, akaiacha lami.

*

Barabara ya vumbi siku hiyo haikuwa ya vumbi. Mvua ilikuwa imepita huku kabla yao, na ule udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka mpaka mguu wa mbuzi unaingia, ulikuwa umekunywa maji ukawa kama ugali usioiva. Samira alishika njia iliyopitwa na wengine. Alikwepa dimbwi la kwanza, akakwepa la pili. Kwenye la tatu alisita, akakanyaga breki, na kwenye udongo ule breki ndiyo kosa. Pikapu ilisota taratibu, kwa heshima kabisa, ikakaa chini.

Alijaribu mbele, akajaribu nyuma. Tairi zilizunguka zikirusha matope hadi kwenye turubai. Nurdin alishuka akasukuma kwa mkono mmoja, kisha kwa mgongo, kisha akateleza akakaa. Hadiya aliamka akalia. Na jua, ambalo mchana kutwa halikuonekana, sasa lilitoka chini ya mawingu likiwa limeshainamia upande wa machweo.

Nyumba haikuwapo karibu. Ila kulikuwa na mtu.

Alikuwa amesimama juu ya kichuguu pembeni mwa njia, mzee mrefu wa Kibarbaig aliyejifunga shuka la rangi ya kutu, mguu mmoja ameuegemeza kwenye mwingine, fimbo begani. Ng'ombe wake walikuwa wakila nyuma yake. Ilionekana wazi alikuwa pale tangu mwanzo, ameona kila kitu.

Samira alishusha kioo, akatoa kichwa.

"Samahani, mzee! Tumekwama! Tunaomba msaada, tunawahi sana!"

Mzee hakugeuza hata jicho. Alikuwa akitazama ng'ombe.

"Mzee!" Nurdin naye aliita kutoka nyuma, matope hadi magotini. "Kama kuna vijana, tutalipa!"

Yule mzee alihamisha fimbo kutoka bega hili kwenda bega lile. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayewaambia ng'ombe wake:

"Mimi naona gari. Mtu sioni."

Nurdin alimgeukia mkewe, midomo wazi. Lakini Samira alikuwa amesharudisha kichwa ndani, na masikio yalikuwa yanamuwaka. Aliyaona yote mara moja: dirisha, kelele, samahani. Hivyo ndivyo walivyozoea huko walikotoka, unaita kupitia dirishani, unasema unachotaka, mtu anakujibu, mnaachana. Shangazi yake Dongobesh angemchapa. Kumwita mzee ukiwa umekaa, yeye amesimama, bila hata shikamoo, kama anayeita muuza karanga kituoni. Mipaka yote ile waliipita bila kosa, akaja kukosea nyumbani.

Alivua viatu. Alimweka Hadiya kiunoni, akakaza kanga, akafungua mlango na kushuka. Tope lilimmeza hadi kwenye vifundo, baridi, laini, na akatembea nalo polepole mpaka chini ya kichuguu. Hapo akapiga goti kidogo, kichwa akakiinamisha.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliutelemsha ule mguu wake ukafika chini.

"Marahaba, binti. Habari ya safari?"

"Nzuri, baba. Habari ya hapa?"

"Ya hapa nzuri."

"Nyumbani wazima?"

"Wazima."

"Ng'ombe wazima?"

"Ng'ombe wazima. Ndama mmoja anaharisha."

"Pole, baba."

"Nimeshapoa. Atapona."

"Na mvua?"

"Ilichelewa. Sasa imekuja yote pamoja."

Jua lilikuwa likishuka, Samira alilihisi shavuni kama mtu anayemsukuma. Kila neno la salamu lilikuwa na mahali pake, na hakuna hata moja lililokuwa la kurukwa. Alimeza mate akasubiri, maana sasa ilikuwa zamu ya mzee kuuliza, na mzee hakuwa na basi la kuwahi.

"Watoto?"

"Mmoja, baba. Ndiye huyu."

"Mume?"

"Yule pale, anayesukuma gari."

Mzee alimtazama Nurdin kwa utulivu. "Anasukuma vibaya."

"Mkono wake mmoja mgonjwa, baba."

"Hata huo mzima, vibaya." Akamtazama tena Samira. "Mnatoka wapi?"

"Sauzi."

"Sauzi ni kupita Singida?"

"Kupita sana, baba."

"Ng'ombe wapo?"

"Wapo. Wanene kweli. Ila wanafungiwa ndani ya waya."

Mzee alisikitika kidogo kwa ajili ya hao ng'ombe. "Mnakwenda kwa nani?"

"Dirma, kwa mama Shumbana. Mimi ni mke wa mwanawe."

Hapo mzee aligeuka mwili mzima. "Yule wa chumvi?"

"Huyohuyo."

"Ah." Akashuka kutoka juu ya kichuguu, akasimama mbele yake. "Mimi Gidahosh. Chumvi ya ng'ombe wangu nanunua kwake. Binti, yule anahama. Juzi alimpa mke wangu kuku. Kuku wa mayai. Mtu akigawa kuku wa mayai, huyo harudi."

Samira alimkaza Hadiya kiunoni. Mpaka dakika ile moyoni alikuwa bado ameweka pembeni kijitumaini kwamba yale ya Tabora yalikuwa maneno ya hasira. Lakini habari za kuku alizijua. Bi Shumbana na kuku wake walikuwa wakigombana na kupatana kila siku kama wake wenza.

"Anaondoka kesho alfajiri, baba," alisema. "Lakini alisema akimnyoa huyu leo, kabla ya kutawadha kwa magharibi, anabaki. Ndiyo maana nilipiga kelele. Nimekosa."

Gidahosh alimtazama Hadiya. Hadiya, aliyekuwa na machozi bado kwenye kope, alimtazama yeye. Kisha mzee akalitazama jua, akapima kwa jicho nafasi iliyobaki kati yake na ardhi.

"Nywele nyingi," alisema. "Mngeanza kunyoa jana."

Akaweka vidole viwili mdomoni akapiga mluzi.

*

Wanawe wawili walitokea upande wa shamba la mahindi, wakiswaga maksai waliokuwa bado na nira shingoni, matope ya jembe hayajakauka miguuni mwao. Mkubwa, Ezekiel, alimwamkia Nurdin, akautazama mkono, akatazama tairi, akacheka hadi akashika kiuno.

"Kaka, umelitoa Sauzi uje kulipanda kwetu? Hili halioti."

"Wewe lifunge mnyororo," Nurdin alisema, akicheka naye. "Likiota nitakupa tunda la kwanza."

Walifunga mnyororo kwenye chuma cha mbele. Samira alirudi kwenye usukani. Gidahosh alinyoosha mikono kuomba mtoto, na Samira akampa, na Hadiya hakulia. Alishika shanga za shingoni mwa mzee akazivuta kuzielekeza mdomoni, na mzee akainamisha shingo ili zifike.

"Usikanyage sana," Ezekiel alimwambia Samira. "Gari likinguruma, ng'ombe wataogopa. Liamshe kidogo tu, kama unamwamsha mgonjwa."

Mara ya kwanza maksai waliweka miguu imara wakakataa. Mara ya pili walivuta, mnyororo ukakaza mpaka ukalia, pikapu ikasogea kiasi cha upana wa kiganja na kurudi. Samira alifunga macho. Aliachia klachi kwa kisigino kilichojaa tope, polepole, kuliko alivyowahi kuachia mbele ya mwalimu yeyote, na chini ya kiti akasikia tairi zikiacha kuteleza na kuanza kushika. Ezekiel alipaza sauti kwa lugha yao, mdogo wake akaitikia, ng'ombe wakainamisha vichwa, na udongo ule mweusi ukaliachia gari kwa sauti nzito ya kufyonza, kama mtu anayemaliza mtindi kwenye kibuyu.

Pikapu ilipanda hadi kwenye nyasi ngumu. Samira aliiacha iendelee kwenda hatua kadhaa mbele, kwa sababu hakuamini, kisha akasimama akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Alipoinua uso alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, na Nurdin naye nje amemkumbatia Ezekiel, wamepakana matope yote yaliyokuwapo.

"Baba, tukushukuruje?" Samira aliuliza akipokea mtoto.

"Pitia hapo nyumbani kwangu. Ni njiani."

Samira alitazama jua, akataka kusema, akajizuia. Nyumbani kwa Gidahosh palikuwa kweli njiani, boma la miiba lenye lango linalotazama barabara. Mzee aliingia, akatoka na mkewe. Mke alikuwa na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya mtoto. Mzee alikuwa na kuku mwekundu kwapani.

"Twende," alisema, akifungua mlango wa mbele.

"Baba, na kuku?"

"Alitupa kwa sababu anahama. Hahami. Kuku arudi kwake."

"Lakini bado hatujui kama—"

"Endesha, binti. Maneno tutaongea ndani ya gari."

*

Hivyo ndivyo walivyoingia Dirma: Samira kwenye usukani, matope yamemkaukia hadi magotini, Gidahosh pembeni yake amesimamisha fimbo yake kati ya magoti, kuku mkono mmoja na Hadiya mkono wa pili, na Nurdin nyuma juu ya turubai, akipiga paa la gari kila walipopita mtu aliyemjua. Watu walitoka milangoni. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama ni harusi. "Ni zaidi," Nurdin alijibu.

Jua lilikuwa limegusa ardhi.

Duka la Bi Shumbana lilikuwa na rafu tupu. Kwenye kibaraza palikuwa na mzigo mkubwa uliofungwa kwa turubai na kamba, fundo juu ya fundo, na kando yake Yakubu ameketi kwenye benchi. Bi Shumbana mwenyewe alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango. Mikono ya gauni alikuwa ameshaipandisha, birika la maji lipo mkononi, limeshainama, bado tone halijatoka.

Samira alisimamisha gari vibaya, injini ikazimika kwa kishindo. Safari hii hakushusha kioo. Alishuka, akazunguka, akamchukua mtoto, akaenda miguu mitupu hadi mbele ya mama mkwe wake, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Birika lilibaki pale hewani. Bi Shumbana alizitazama kwanza zile nyayo zilizojaa tope, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Marahaba," alisema. "Nani kaendesha?"

"Mimi, mama."

"Kutoka wapi?"

"Singida."

"Na huyu mwingine alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anatoa maelekezo," Samira alisema, na Nurdin, aliyekuwa amefika amesimama nyuma yake, akaangua kicheko kilichokatikia katikati, kwa sababu mama yake alikuwa amemtazama.

Bi Shumbana aliweka birika chini, likiwa limejaa vilevile. Aliinua mikono yote miwili na Samira akamweka Hadiya ndani yake. Bibi alipitisha vidole kwenye zile nywele, mbele, nyuma, juu ya masikio, kama anayesoma kitu.

"Hamkumgusa," alisema.

"Hatukumgusa, mama. Watu walitucheka hadi Zambia."

"Yakubu, wembe."

Yakubu aliinuka, kisha akakaa tena. "Wembe uko wapi?"

"Kwenye mzigo. Chini kabisa. Niliununua siku aliyozaliwa, nikauzungushia kitambaa cheupe."

Yakubu aliutazama mzigo. Asubuhi nzima alikuwa ameufunga. "Mama, niende kwa jirani nikaazime mwingine."

"Nimesema ule."

"Nimefunga mafundo ambayo hata mimi sijui niliyafungaje."

"Basi jua linazama," Bi Shumbana alisema.

Wakaufungua wote kwa pamoja. Yakubu na meno, Nurdin na mkono wake mmoja, Gidahosh aliyemweka kuku chini ili ashike kamba, Samira na kucha. Kamba zilipoachia, vitu vikamwagika kibarazani: masufuria, mkeka wa kuswalia, mizani ya duka, mto, picha ya marehemu Selemani kwenye fremu, taa, sinia, kanga zilizokunjwa. Chini kabisa, kitambaa cheupe.

Samira alikaa mkekani akampakata mtoto. Bi Shumbana alilowesha zile nywele kwa maji ya birika, akafungua wembe, akasema bismillahi kwa sauti ndogo. Samira alisubiri kilio. Lakini Hadiya alikuwa na shughuli nyingine: kuku mwekundu alikuwa amepita katikati ya watu wote bila salamu, akaingia ndani kupitia kizingiti, akapanda kwenye kona yake ya zamani juu ya debe, na mtoto alikuwa amekaza macho kumtazama, hapepesi. Wembe ulikwenda toka paji la uso hadi kisogoni. Nywele ziliangukia kwenye kitambaa, fungu baada ya fungu, na chini yake kikatokea kichwa cha mviringo, chepesi, kinachong'aa kwa mwanga wa mwisho.

"Kichwa cha Selemani," Bi Shumbana alisema. Ndipo machozi yalipomtoka, na hakuyafuta, maana mikono yote ilikuwa na kazi.

Alikusanya kila unywele, akakunja kitambaa. Nywele hizo huzikwa, na huzikwa nyumbani kwa mtoto. Alisimama nazo mkononi, na wote walimtazama kuona ataenda wapi. Alichukua kisu cha jikoni kutoka kwenye vile vitu vilivyotapakaa, akapiga magoti upande wa kulia wa mlango, akaanza kuchimba. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua. Samira alipiga magoti pembeni yake akachimba kwa vidole, na hakuna kati yao aliyemwangalia mwenzake mpaka shimo likafunikwa na kushindiliwa kwa viganja.

"Sasa," Yakubu alisema, akivitazama vitu vilivyojaa kibarazani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa na anayefurahi kushindwa. "Hivi vyote nivifunge tena?"

"Viingize ndani," Bi Shumbana alisema. "Umande utaviharibu. Na kesho upite kwa majirani, kuku wangu bado watatu wako huko."

Gidahosh alikohoa. "Wakibisha, niite."

Bi Shumbana alirudi kuchuchumaa mahali alipokuwa mwanzo. Alipandisha tena mikono ya gauni, iliyoingia udongo, akalinyanyua birika, kisha akamnyooshea Samira.

"Nimiminie maji, mwanangu," alisema. "Polepole. Una mkono wa dereva wewe."

Samira akapokea, akaliinamisha.